Nepi mbichi, jiko sebuleni na mama mkwe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 24, na ninaishi na familia yangu katika vyumba viwili vya kupanga Igogo, upande wa mlimani, kule ambako nyumba zimebanana katikati ya mawe. Kijana wangu ana miaka mitano na Januari anaanza darasa la awali. Mdogo wake wa kike ana miezi saba. Mume wangu hununua dagaa visiwani, hivyo huondoka giza linapoanza, yaani zile siku za mwezi zisizo na mbalamwezi ambazo ndizo za kuvua dagaa, na kurudi wakati wa mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika. Mimi nilikuwa nikichukua dagaa kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, na kuwauza kwa kopo hapa mtaani, lakini tangu mvua za vuli zianze nimeacha, kwa sababu dagaa walionyeshewa wakiwa wameanikwa hawana mnunuzi, na mtaji mdogo niliokuwa nao umeishia kwenye sabuni na mkaa.

Mwezi wa kumi mama mkwe wangu alivuka kutoka Ukerewe kuja kunisaidia, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Yeye hulala sebuleni na mjukuu wake mkubwa, mimi na mdogo tunalala chumbani. Kila ninachofanya kina kasoro. Kofia ya mtoto ni nyepesi, uji ninaompa ni mzito mno, kikombe na kijiko vinamtesa wakati wanawe walikunywa kwa chupa na wakakua, na nyumba inanuka unyevu. Ni kweli inanuka, Shangazi. Mvua ikija na upepo wa ziwani inapiga baraza hadi mlangoni, nepi hazikauki, na kijana wangu ameanza tena kukojoa kitandani tangu radi za usiku zianze, kwa hiyo kila asubuhi kuna mashuka juu ya nepi. Wakati wa kiangazi nilikuwa nikianika kwenye mawe nyuma ya nyumba na kufikia saa nane mchana kila kitu kimekauka. Sasa kazi hiyo ameichukua mama: jioni tukimaliza kupika huliingiza jiko la mkaa sebuleni, hulizungushia viti na kutandaza nepi juu ya viti hivyo, na dirisha tulishaliziba kwa nailoni ili mvua isiingie. Nepi zinakauka, siwezi kusema uongo, lakini asubuhi yeye mwenyewe huamka akilalamikia kichwa na kizunguzungu, na kijana huamka amelegea, siku nyingine hutapika. Nimewapeleka zahanati wakapimwa malaria, hawakukutwa nayo. Wakishakaa nje kidogo wanachangamka. Basi mimi nabaki kuuguza wagonjwa wasio na ugonjwa, kisha mama anampigia mwanawe simu kumwambia kwamba unyevu wa nyumba yangu unawaumiza.

Linaloniuma zaidi ni fedha. Siku hizi mume wangu akituma fedha za matumizi huzituma kwenye simu ya mama yake, nami naomba hela ya nyanya kama mtoto. Nilipomuuliza alijibu kwamba hayo ni mambo ya wanawake, tuelewane wenyewe. Nimechoka. Nafikiria kuwachukua watoto niende kwa mama yangu Sengerema hadi mvua ziishe, au nimwambie mume wangu amrudishe mama yake Ukerewe kabla sijamvunjia heshima. Kipi ni bora?

Mama wa Wawili, Igogo, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Swali lako nitalijibu, ila litangoja kidogo, kwa sababu katika barua yako umeeleza habari za kofia, uji, simu na fedha kwa uchungu wote, lakini jambo linaloweza kuwaua watu wawili nyumbani kwako umelitaja kama kero ya kuuguza tu. Jiko hilo lisilale sebuleni tena. Hata usiku wa leo lisilale, hata kama nepi zote ni mbichi na mama amenuna.

Mkaa unapowaka mahali penye hewa haba hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na haiwashi macho, kwa hiyo mtu aliyelala hapati dalili yoyote ya kumwamsha. Hewa hiyo ikivutwa huingia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni, na mwili unaanza kukosa hewa huku mwenyewe akipumua kama kawaida. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba jiko likishaacha kutoa moshi na makaa yakawa mekundu ni salama kuliingiza ndani. Moshi tunauogopa kwa kuwa tunauona na unatutoa machozi. Lakini makaa mekundu yasiyo na moshi, na hata yale yaliyokwisha kufunikwa na majivu, huendelea kutoa sumu hiyo kwa saa nyingi. Nyumba ikiwa imefungwa kwa sababu ya mvua na mbu, na dirisha limezibwa kwa nailoni kama ulivyoeleza, sumu haina pa kutokea.

Mimi si daktari na wagonjwa wako sijawaona, lakini soma upya ulichoandika mwenyewe. Watu wawili wanaolala chumba kimoja na jiko wanaamka pamoja na kichwa, kizunguzungu, kulegea na kutapika. Kipimo cha malaria hakioni kitu. Wakitoka nje wanapata nafuu. Mama mkwe wako hajifanyi mgonjwa ili akuchoshe. Anaumwa kweli, na anaumizwa na kazi anayoifanya ili mjukuu wake avae nepi kavu. Na usidhani kwamba wewe na huyo mdogo mmesalimika kwa kuwa mko chumbani, maana mlango wa ndani, au pazia kama ndilo mlilo nalo, hauizuii hewa, na mtoto wa miezi saba hudhurika haraka kuliko mtu mzima.

Rudi nao zahanati, na safari hii mweleze mganga habari za jiko kabla hajauliza lolote, kwa sababu asipoambiwa atatafuta malaria na homa ya matumbo, ambazo ndizo anazoziona kila siku msimu huu. Ikiwa kabla ya hapo utamkuta mtu amelala na haamki vizuri, au anaongea kwa kuchanganyikiwa, fungua milango, watoe wote nje, na usisubiri kuona kama watachangamka. Waite majirani, tafuteni usafiri, nendeni hospitali.

Sasa, namna ya kumwambia. Ukimwambia kwamba jiko lake linamuua mjukuu, utakuwa umesema kweli na umeharibu kila kitu, kwani hakuna bibi atakayeipokea kauli hiyo kutoka kwa mke wa mwanawe. Anza na afya yake yeye. Mwambie, «Mama, hiki kichwa chako cha asubuhi kinanitia hofu, nimeuliza nikaambiwa ni hewa ya mkaa, kuanzia leo jiko nitalizimia nje mwenyewe.» Kisha lizime kweli, usimwachie yeye kazi hiyo. Siku ya kumpeleka mdogo kliniki kupimwa uzito, nenda na mama, mkabidhi ambebe mtoto, halafu umwombe muuguzi awaeleze wote wawili. Neno la muuguzi halina ukwe ndani yake, na mama akilisikia kliniki atakuwa wa kwanza kulihubiri mtaani.

Nepi lakini zitakauka vipi? Kwa Mwanza mvua ya vuli mara nyingi hunyesha usiku na alfajiri, ikitokea ziwani na radi zake, kisha jua hujitokeza kwa saa chache mchana. Hizo ndizo saa zako. Fua jioni au asubuhi na mapema, kamua kwa nguvu, tena ukiweza mkamue wawili, mmoja huku na mwingine kule, kisha tundika barazani kwenye kamba mbili zilizoachana ili upepo upite katikati. Mawe ya nyuma ya nyumba usiyaache. Jiwe lililopigwa na jua kwa saa moja hukausha kitambaa kuliko kamba, na sisi wa Mwanza tungekuwa watovu wa shukrani kuyalalamikia mawe siku zote bila kukumbuka hilo. Zinazobaki na ubichi zipige pasi. Kama pasi yako ni ya mkaa, ipigie barazani, kwa sababu ile ile. Na ongezeni nepi: kanga mbili kuukuu zikikatwa zinakupa nepi za siku nzima, nawe utakuwa na nafasi ya kusubiri jua la kesho.

Mashuka ya kijana yana njia yake. Mtoto wa miaka mitano kukojoa kitandani si utovu wa adabu, wapo wengi wa umri wake, na huyu amepata mdogo, amepata mgeni wa kulala naye na amepata radi, vyote katika msimu mmoja. Mpeleke haja kabla ya kulala, tandika nailoni chini ya shuka (ikiwezekana hiyo hiyo utakayoitoa dirishani), na asitaniwe wala kuchapwa. Najua kina mama wengi wa huko kwenu hushuka na mashuka hadi ziwani na watoto wakacheza majini wakati nguo zinafuliwa. Usifanye hivyo, kwani maji ya pembezoni mwa ziwa letu yana konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama tu ndani ya maji. Mvua inakuletea maji bure kwenye mabati. Yakinge kwenye pipa, na pipa lifunikwe vizuri, la sivyo utafuga mbu.

Baraza sasa. Hapa ndipo mume wako anapoingia, na nakusihi usimpokee mlangoni na mashtaka. Mwanamume anayetoka visiwani amekesha usiku mwingi juu ya maji au ufukweni akisubiri mitumbwi, na siku ya kwanza hasikii cha mtu. Mwache alale, ale sato wake, na kesho yake muite barazani umwonyeshe mahali mvua inapopigia. Usimweleze jinsi unavyojisikia kwanza. Mweleze kilichomtokea mama yake. Kisha mwombe vitu vyenye jina: mabati mawili na mbao za kukinga upande wa upepo, ili jiko lipikiwe barazani hata mvua ikinyesha, na mtungi wa gesi wa kilo 6 akipata giza jema. Zungumzeni na mwenye nyumba kabla ya kupigilia msumari wowote, na mkubaliane kama gharama itakatwa kwenye kodi. Gesi nayo itumike dirisha likiwa wazi, lakini inapika haraka, inazimwa mara moja na haibaki usiku kucha ikipumua sebuleni. Alikujibu kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Sidhani atalirudia neno hilo akishaelewa kwamba mtu aliyekuwa akilala kando ya sumu ni mama yake mzazi.

Yaliyobaki kati yako na mama mkwe nayagawa mafungu mawili, na nitasema bila kuzunguka: mengi hayastahili ugomvi. Kofia nzito, mvishe mtoto anapokuwa na bibi yake, akitoka jasho ivue. Maneno ya unyevu kwenye simu, mwache aseme. Baraza likishakingwa hatakuwa na la kusema. Uji tu ndio usiouachia, maana mtoto wa miezi saba anahitaji uji unaokaa kwenye kijiko, na ule mwepesi unaopita kwenye chupa humshibisha maji, mbali na kwamba chupa ni ngumu kuisafisha na msimu wa mvua ndio msimu wa kuhara. Endelea kumnyonyesha, hadi afike miaka miwili ukiweza, na uji utie nguvu kwa karanga zilizosagwa laini au dagaa. Hapa mpe mama kazi ya heshima. Mtu wa Ukerewe anajua dagaa: achague wasio na mchanga, aoshe, akaushe kwenye chungu, atwange na kuchekecha hadi wawe unga, naye awe ndiye mwenye kijiko kimoja cha unga huo katika kila bakuli la mjukuu. Uji uliotiwa mkono wake hatausema kuwa mzito.

La fedha ni jambo jingine kabisa, na hapo uko sahihi kuumia. Mke anayepika, anayenunua sabuni na anayejua kopo la unga limebaki kiasi gani ndiye anayepaswa kushika matumizi ya nyumba. Ila mdai wako si mama mkwe. Yeye hakuiomba simu yake ipokee fedha. Aliyetuma ndiye aliyeamua, labda kwa kufikiri kwamba anamheshimu mama, labda kwa kukwepa hesabu. Nakushauri usimwombe mumeo aache kumtumia mama, kwa kuwa ombi hilo litasikika kama wivu. Mwombe agawe: matumizi ya nyumba yaje kwako, na mama awe na fungu lake mwenyewe, liwe dogo, la nauli na mahitaji yake, ambalo hutamuuliza alivyolitumia. Wakati wa mazungumzo hayo uwe na daftari la wiki mbili tatu zilizopita, mkaa kiasi gani, sabuni, unga, maji, dawa. Wanunuzi wa dagaa ni watu wa madaftari, na mumeo ataisoma hesabu haraka kuliko atakavyosoma machozi. Kumbuka pia kumwandikia sare na madaftari ya kijana ya Januari, yasije yakamshtukia wakati giza limekuwa baya.

Biashara yako hukuniuliza, lakini nimeiona imelala katikati ya barua. Uliacha kwa busara. Januari na Februari mvua hupungua, dagaa hukauka vizuri, na mtoto atakuwa mkubwa kidogo. Hapo anza tena kwa kiasi kidogo, ununue waliokaushwa kwenye chanja badala ya wa mchangani, kwa kuwa hawana mchanga na mvua ya ghafla ni rahisi kuwafunikia. Mtaji mwombe mumeo kama mkopo kati ya wafanyabiashara wawili, au ujiunge na kikoba cha mtaani ambacho unawajua wenye nacho. Na nani atakaa na mtoto ukiwa Mwaloni alfajiri? Fikiri vizuri kabla ya kumpandisha bibi huyo meli ya kurudi Nansio, Ukerewe.

Kwa hiyo kumrudisha mama sasa hapana. Ameumia nyumbani kwako, na akiondoka kabla hajajua kilichomuumiza ataondoka na hadithi kwamba nyumba yako ina ugonjwa, na jiko ataliingiza ndani huko kwake vilevile. Kwenda Sengerema hadi mvua ziishe pia hapana, maana ukiondoka kwa hasira wakati mume yuko visiwani, utakuwa umemwachia mama yake sebule lile lile, jiko lile lile na dirisha lile lile. Lakini kwa mama yako unastahili kwenda. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili, mwambie mumeo tarehe ya kwenda na ya kurudi, mwombe nauli mapema, na kaa huko siku kadhaa ulale usingizi wa mtu aliye kwa mama yake. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kukaa na watoto kwenye foleni ya kivuko, na ukiondoka Mwanza asubuhi, mchana unakula Sengerema. Jiko lishughulikie leo.

Shangazi